SOMO: MWENYE MALI NA MSHAHARA WA MSIMAMIZI

Ndugu wanachama, katika somo hili twataka kueleza jambo moja tu: ni wakati gani neno la mwenye mali hufaa.

Kampuni kubwa iliyomo katika soko la hisa ina wenyewe maelfu kwa maelfu. Hawawezi wote kuiendesha, basi huchagua wakurugenzi; na wakurugenzi humweka mkuu wa kazi na kumkadiria mshahara. Hapo ndipo ugomvi huzuka, kwani anayekadiria hatoi fedha mfukoni mwake.

Tutazame kampuni ya mafuta ya BP, huko Uingereza. Mwaka 2015 bei ya mafuta ilianguka, na kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 5. Hata hivyo mkuu wake, Bob Dudley, alipangiwa karibu dola milioni 20, kiasi cha asilimia 20 zaidi ya mwaka uliotangulia. Katika mkutano mkuu wa Aprili 2016, asilimia 59 ya kura zilikataa.

Je, fedha zilirudi? La. Kwa sheria ya huko, kura juu ya malipo yaliyokwisha kupita ni ya ushauri tu. Kura yenye nguvu ni ile ya kanuni za malipo yajayo, nayo hupigwa angalau mara moja kila miaka 3. Wakurugenzi walijibu kwamba wao wamefuata kanuni. Na kanuni hizo wenye hisa wenyewe walizipitisha mwaka 2014, kwa kura nyingi mno.

Lakini kura ile haikupotea bure. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kuwa malipo ya mkuu yamepunguzwa kwa kiasi cha asilimia 40, ikaleta na kanuni mpya.

Basi tujifunze. Maji yakimwagika hayazoleki. Hasira ya siku ya hesabu haina nguvu kama swali la siku ya kutunga kanuni. Nasi pia, tuletewapo kanuni za posho mkutanoni, tusiharakishe kuinua mikono ili twende zetu. Tuulize kwanza:

1. Malipo haya yapimwa kwa kazi gani?
2. Tukipata hasara, yatapungua?
3. Nani aliyeyakadiria?

Asiyeuliza leo asije kulalamika kesho.