Wageni wa Kampuni na Watu wa Nyumbani

Mara nyingi tunapozungumza juu ya kazi na ndoa, tunawaza mume na mke ambao kila mmoja huenda kwenye kazi yake asubuhi. Leo tuwatazame wale wanaofanya kazi moja, hasa wenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii. Kama biashara yenu ni duka au kinu cha kusaga unga, msigeuze ukurasa. Mengi yatawahusu ninyi pia.

Wiki moja ya Agosti

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaoishi Nairobi. Wana magari mawili ya safari, yale yanayofunguka paa. Moja huendeshwa na bwana mwenyewe, la pili na dereva wa kuajiriwa. Bibi yuko ofisini, chumba kimoja chenye meza na simu. Ni msimu wa nyumbu katika Maasai Mara, na wageni hawakatiki.

Jumatatu gari limerudi na springi iliyovunjika. Bwana anashinda kwa fundi. Jumanne bibi analipia kambi, kisha anawaeleza wageni wa Ujerumani kwamba tangu Januari 2024 kibali cha kuingia Kenya huombwa kwa mtandao kabla ya safari. Jumatano ndege inachelewa, na bwana anakesha katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Alhamisi alfajiri anashika njia ya Mai Mahiu na Narok. Ijumaa na Jumamosi yuko mbugani. Jumapili jioni anawarudisha wageni mjini, na kesho yake kundi lingine linangoja.

Katika siku hizo saba wamepigiana simu mara nyingi. Wamezungumza juu ya mafuta, tairi na mgeni asiyekula nyama. Hawajaulizana hata mara moja, "Wewe mwenyewe u hali gani?" Watoto nao wako likizo ya Agosti. Baba wanamwona akibadilisha shati tu.

Hatari isiyopiga kelele

Bwana na bibi hawa hawagombani, na kwa sababu hiyo hawaoni kwamba kuna jambo. Wamegeuka wafanyakazi wawili wazuri wa kampuni moja. Mgeni akilalamika anaombwa radhi kwa tabasamu. Mke akiuliza neno anaambiwa, "Ngoja kwanza." Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hii mgeni hapewi jembe kamwe. Wenye nyumba ndio wanaolima usiku na mchana, hata wamesahau walikuwa wakilima kwa ajili ya nani.

Tufanye nini basi? Kuna mambo matatu.

1. Fedha ya mgeni si fedha ya nyumba

Ugomvi mwingi katika biashara hii huanzia kwenye arbuni, yaani malipo ya kwanza ya mgeni. Mwaka 2024 kiingilio cha Maasai Mara kwa mtu mzima kutoka nje kilipandishwa hadi dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa bei hiyo, wageni wanne wa siku mbili wana dola 1,600 za mlangoni peke yake. Fedha hizo zinapita tu mikononi mwenu. Bwana akiziona anawaza tairi mpya. Bibi anawaza karo. Wote wawili wana haja ya kweli, lakini fedha si zao bado.

Kumbukeni Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa kwa sababu ya korona hadi Agosti mwaka huo. Aliyekuwa ametumia arbuni nyumbani alibaki na deni pamoja na lawama. Basi wekeni akaunti mbili, moja ya wageni na moja ya faida, na msivuke kutoka moja hadi nyingine bila nyote wawili kukubaliana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena wekeni akiba ya msimu wa mvua: Aprili na Mei wageni hupungua, na huo ndio wakati karo ya muhula wa pili inapodaiwa.

2. Kazi ya kila mmoja itajwe

Bwana anayerudi na vumbi la Mara huonekana amefanya kazi. Bibi aliyeshinda kwenye simu huambiwa, "Wewe ulikuwa umekaa tu." Neno hilo huumiza kuliko mnavyodhani. Kama kambi haikulipiwa kwa wakati, bwana angefika na wageni wasio na pa kulala.

Hata sheria inalitambua jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu usimamizi wa biashara ya familia, malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Msingoje kufika mahakamani ndipo mlijue. Majina ya wote wawili yaandikwe katika kampuni, na kila mmoja apate kiasi chake cha mwezi, hata kama ni kidogo, asichohitaji kuomba.

3. Ndoa iingie katika daftari la safari

Msiseme, "Tutazungumza kazi ikipungua." Kazi ikipungua mtakuwa mnahangaikia fedha. Chagueni saa mbili kila wiki, muziandike katika daftari lile lile la wageni, kwa kalamu ile ile. Mgeni mwingine akitaka saa hizo, mwambieni nafasi imejaa. Katika saa hizo msitaje gari wala kambi. Na angalau safari moja ya Agosti aachiwe dereva wa kuajiriwa, ili baba alale nyumbani watoto wakiwapo. Mtapungukiwa na faida kidogo, ndiyo; lakini likizo ile ya watoto hairudi.

Maswali ya kujadili mkiwa wawili

- Wiki iliyopita tulizungumza nini kisichohusu biashara?
- Je, kila mmoja wetu anajua kiasi gani katika benki ni cha wageni na kiasi gani ni chetu?
- Ni kazi gani mwenzangu anaifanya ambayo sijawahi kumshukuru?

Jibuni kwa upole, kila mtu zamu yake, bila kukatizana. Kama swali la kwanza linawashinda, msiogope. Fungueni daftari, tafuteni siku, muiandike leo kabla simu haijalia tena.