Jalala la Shule Bila Moto

Nyuma ya jiko au nyuma ya vyoo, shule nyingi zina shimo la taka. Likijaa huwashwa moto, na wanaotumwa kuwasha ni sisi wanafunzi. Moshi wake huingia madarasani, na mwenzetu mwenye pumu ndiye hutangulia kujua kwamba leo wamechoma.

Klabu za mazingira tunazo. Za Malihai zilianza mwaka 1980, na Roots & Shoots ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akiwa na wanafunzi 12. Lakini klabu nyingi huamka tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, zikapanda miche na kupiga picha. Ikifika Septemba miche imekauka na shimo bado linafuka. Kwa maoni yangu, klabu inayotaka kuheshimiwa ianzie shimoni, miche itafuata.

Hatua ya 1: Omba kitu kimoja tu

Usiingie ofisini na malalamiko. Mwone kwanza mwalimu mlezi wa klabu, yeye ndiye awapeleke kwa mkuu wa shule. Ombi liwe fupi: "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba ruhusa ya kupima taka za shule kwa wiki moja." Ombi lisilogharimu fedha ni gumu kukataliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ijue, lakini siku hiyo usiitaje. Mwanafunzi anayemfungulia mkuu wake mazungumzo kwa kifungu cha sheria hupewa jembe, hapewi ruhusa.

Hatua ya 2: Pima

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tafuteni turubai kuukuu, viroba vinne, glovu za mpira, daftari na mizani ya kuning'iniza kama ya wauza samaki. Stoo ya jikoni mara nyingi inayo. Mwombeni mpishi kwa heshima na muirudishe ikiwa imeoshwa.

Kila siku, saa ileile, mwageni taka za siku hiyo juu ya turubai kabla hazijafika shimoni. Zigaweni mafungu manne: maganda na majani; karatasi na maboksi; chupa na madumu ya plastiki; na yaliyobaki. Pimeni kila kiroba, toeni uzito wa kiroba kitupu, andikeni. Msiruke Jumatatu wala siku ya mahafali, kwa sababu siku kama hizo ndizo zinazoonyesha taka hutoka wapi.

Kuna vitu msivyogusa. Vioo, sindano na mabaki ya maabara ni vya mwalimu. Pedi nazo zina utaratibu wake: zinahitaji ndoo yenye mfuniko kwenye vyoo vya wasichana na kichomeo maalumu, na hilo lizungumzwe na matroni pamoja na viongozi wasichana. Klabu nyingi hulikwepa kwa aibu, kisha hushangaa kwa nini vyoo vimeziba.

Wiki ikiisha, fanyeni hesabu. Tuseme wastani ni kilo 20 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni kilo 3,880, karibu tani nne. Hiyo ndiyo sentensi ya kumpelekea mkuu wa shule.

Jihadharini na jambo moja: plastiki hudanganya mizani. Ni nyepesi, lakini hujaza shimo. Kwa hiyo, pamoja na kilo, hesabuni viroba vilivyojaa. Kwenye shule inayopika chakula, maganda na majani huenda yakashinda kwa uzito, nayo hayana sababu yoyote ya kuchomwa.

Hatua ya 3: Majani na maganda yawe mboji

Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima. Tandikeni ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya maganda mabichi, tabaka juu ya tabaka, hadi lundo lifike mita moja kila upande. Likiwa dogo zaidi ya hapo halipati joto. Mwagieni maji, kisha mkamue konzi moja: likitoa tone moja au mawili, linatosha.

Chomekeni fimbo katikati. Baada ya siku chache ikitoka ina joto, lundo linafanya kazi. Ikitoka baridi na kavu, ongezeni maji na maganda. Lundo likinuka, limelowa mno. Ongezeni majani makavu na muligeuze. Geuzeni kila wiki, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu au zaidi mtakuwa na udongo mweusi wa bustani. Ugali, wali na mifupa msiweke, vitaita panya. Jirani mwenye kuku atayafurahia makombo ya ugali na wali.

Hatua ya 4: Chupa, karatasi, na vile vifuko

Chupa za maji zina pembetatu yenye namba 1 chini yake. Hizo zina wanunuzi, na mitaa mingi ya mjini ina anayezikusanya. Zibonyezeni zisichukue nafasi, vifuniko viwekwe pembeni. Ulizeni bei za chupa na za karatasi na maboksi kwa wanunuzi wawili kabla ya kuuza, na fedha ziandikwe kwenye daftari mbele ya mwalimu. Klabu huvunjika kwa fedha kuliko kwa uvivu.

Shida ni vifuko vya ubuyu, barafu na karanga. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 liliondoa mifuko ya kubebea, lakini vifungashio vya bidhaa vilibaki, na vifuko hivi hakuna anayevinunua. Zungumzeni na mama wa kantini, naye anatafuta riziki. Akikubali kupima karanga kwa kikombe, kila mtu aje na kibakuli chake. Anzeni na bidhaa moja.

Hatua ya 5: Taka zisiwe adhabu

Hili ni gumu kuliko mboji. Shuleni kwetu na kwa wengine, aliyechelewa huokota taka, aliyepiga kelele husafisha shimo. Baada ya miaka minne ya hivyo, nani atahitimu akiamini kuwa usafi ni kazi ya mtu mwenye akili? Mwombeni mwalimu wa nidhamu aiondoe kazi hiyo kwenye orodha ya adhabu na aigawe kwa zamu za madarasa yote, viranja wakiwemo.

Hatua ya 6: Barua

Yaliyobaki kwenye fungu la nne hayana pa kwenda shuleni. Msiyachome. Plastiki kwenye moto wa wazi hutoa masizi laini yanayopenya hadi ndani ya mapafu, na zile zenye klorini, kama vipande vya mabomba ya PVC, hutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka. Sasa ndipo sheria itajwe. Halmashauri ndiyo yenye wajibu wa kusimamia taka ngumu, kwa hiyo mwombeni mkuu wa shule aandike barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa bwana afya, ikiwa na kilo na viroba vyenu vya wiki nzima, kuomba gari la taka. Barua yenye takwimu hujibiwa upesi kuliko yenye masikitiko, na ikichelewa, pimeni wiki nyingine mwandike tena.

Kidato cha Nne huingia kwenye mtihani wa taifa Novemba. Kabidhini mizani na daftari kwa Kidato cha Pili kabla ya Septemba kwisha, mkiwa bado mna muda wa kuwaonyesha kazi.