Mtoto wa Mbwa na Dawa ya Minyoo: Cha Kukubali, cha Kuuliza na cha Kukataa

Watu wa Mafia hawana ugeni na dawa ya minyoo. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa kisiwani humu mwaka 2000, na tangu hapo watu wa Kilindoni, Kirongwe, Baleni na Jibondo wamemeza ivermektini na albendazoli mbele ya mgawa dawa mwenye daftari lake. Majina hayo yamezoeleka. Kwa hiyo mtu akipewa mtoto wa mbwa wa kulinda nyumba au shamba, wazo la kwanza ni kwamba dawa aliyoimeza yeye na watoto wake haiwezi kumdhuru mnyama.

Inaweza. Dawa hizo mbili, ambazo kwa binadamu zimewafaa mamilioni ya watu zikitolewa kwa dozi yake, ndizo za kuogopwa zaidi anapotibiwa mbwa wa wiki chache.

Kijitabu hiki kinajibu maswali mawili ambayo wenye mbwa huyachanganya. La kwanza ni kama mtoto wa mbwa anahitaji dawa ya minyoo. La pili ni namna ya kuzungumza na mtaalamu anayesisitiza kuuza zaidi ya hiyo dawa. Jibu la swali la kwanza ni fupi: anahitaji, hata kama anacheza, ananenepa na manyoya yake yanang'aa. La pili ndilo lenye mashauriano.

Anazaliwa nayo

Minyoo mviringo ya mbwa, ambayo wataalamu huiita Toxocara canis, haingoji mtoto aanze kulamba uchafu. Mabuu yake hujificha ndani ya misuli ya mama kwa miezi na hata miaka. Mama akishika mimba, mabuu huamka, yakapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto kabla hawajazaliwa. Mtoto akifikisha wiki 3 hivi, minyoo tumboni mwake inaweza kuwa imekomaa na inataga mayai. Mama mwenyewe wakati huo huonekana mzima kabisa.

Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupitia kwenye maziwa ya mama, na pia hutoboa ngozi kutoka kwenye mchanga. Hii hunyonya damu. Mtoto wa wiki 2 au 3 anaweza kuishiwa damu na kufa kabla minyoo haijataga yai hata moja, maana yake kinyesi chake kikiwekwa chini ya hadubini hakitaonyesha kitu. Ndiyo sababu kwa watoto wadogo madaktari hawasubiri kipimo cha kinyesi. Kipimo hicho kina kazi yake baadaye, kwa mbwa mkubwa, au kwa mtoto anayeendelea kuharisha baada ya kutibiwa.

Ratiba inayofuatwa na wataalamu wengi huanza mtoto akiwa na wiki 2, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 8, halafu mara moja kwa mwezi mpaka miezi 6. Mama hupewa dawa pamoja na watoto wake. Mbwa mkubwa hupewa kila baada ya miezi 3 hivi, au hupimwa kwanza.

Hapo mwenye mbwa huanza kuhisi anaibiwa. Jana kalipia, wiki mbili baadaye anaambiwa alipie tena! Lakini marudio haya si ujanja wa muuzaji. Dawa ya minyoo huua minyoo iliyomo tumboni siku ile. Mabuu yaliyo safarini mwilini hayaguswi sana, na baada ya siku chache hufika tumboni na kukomaa. Dawa pia haibaki mwilini kumkinga. Kwa hiyo anayeuza mtoto wa mbwa akisema "huyu keshapewa dawa", swali linalofuata ni tarehe gani na dawa gani. Akikosa tarehe, hesabu ianze upya.

Mizani na chupa mbili

Kabla ya kwenda popote, inua mdomo wa mtoto wa mbwa utazame ufizi. Wenye afya ni wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole hugeuka mweupe, kisha rangi hurudi upesi. Ufizi uliopauka tangu mwanzo, pamoja na ulegevu au kinyesi cheusi kama lami, ni hali ya dharura. Dawa ya minyoo peke yake haitatosha; anahitaji daktari siku hiyohiyo. Kutapika mfululizo pamoja na kuhara damu huenda kukawa ni ugonjwa wa parvo, si minyoo kabisa, na huyo asirundikiwe dawa kabla hajachunguzwa. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zikihesabika ni ishara ya minyoo mingi. Punje zinazofanana na mchele karibu na mkundu ni vipande vya tegu, ambayo huletwa na viroboto.

Kisha apimwe uzito. Mizani ya kuning'iniza yenye ndoano inatosha, mtoto akiwekwa kwenye kikapu. (Usiazime ya mnunuzi wa pweza; utaleta ugomvi kijijini, na utakuwa umejitakia.) Njia nyingine ni kupanda mizani ya kusimamia ukiwa umembeba, kisha kupanda peke yako na kutoa tofauti. Makadirio ya macho kwa mtoto wa kilo 2 yanaweza kukosea kwa nusu nzima ya uzito wake.

Sasa dukani. Kwenye rafu ya dawa za mifugo kuna chupa za dawa nyeupe za kunywesha mbuzi na ng'ombe. Mbili kati yake zinaweza kufanana kwa rangi, kwa ukubwa, hata kwa mwisho wa jina. Moja ni fenbendazoli, ambayo hutumika kwa mbwa kwa kiasi cha miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo. Nyingine ni albendazoli, ambayo kwa mbwa imewahi kuharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Mwenye haraka huchukua yoyote.

Hata aliyechukua chupa sahihi ana la kuangalia. Fenbendazoli ya asilimia 10 ina miligramu 100 ndani ya kila mililita, hivyo mtoto wa kilo 2 anahitaji mililita 1 kwa siku. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 tu, na mtoto huyohuyo anahitaji mililita 4. Anayesema "mpe kijiko" bila kusoma chupa anabahatisha. Na kwa kuwa dawa ya mbuzi haikuandikiwa mbwa, daktari ndiye wa kuamua itumike au isitumike.

Piranteli ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa watoto wadogo kabisa. Ni salama kuanzia wiki 2 na inashughulikia minyoo mviringo na safura. Tegu huhitaji prazikwanteli, na kazi hiyo haina maana kama viroboto vimeachwa.

Ivermektini ya sindano ya ng'ombe ni habari nyingine. Ya asilimia 1 hupigwa mililita 1 kwa kila kilo 50, yaani ng'ombe wa kilo 250 hupata mililita 5. Kwa hesabu hiyohiyo mtoto wa mbwa wa kilo 2 angepata mililita 0.04, pungufu ya tone moja. Hakuna mkono unaopima hivyo kwa bomba la sindano la ng'ombe. Anayezidishiwa hupepesuka, mboni hutanuka, mate humtoka, hushindwa kuona na huenda akazimia asiamke. Levamisoli ya mbuzi nayo haiachi nafasi kubwa kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru.

Dawa za nyumbani ziachwe. Kitunguu saumu, ambacho wengi hukisifu, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na hiyo ndiyo damu ambayo safura inaimaliza tayari. Tumbaku na mafuta ya taa ni sumu tupu.

Mtaalamu anapobana

Mafia si Masaki ya Dar es Salaam. Kule mwenye mbwa asiyeridhika na kliniki moja huenda ya pili; hapa, mtaalamu aliyefika ndiye huyo huyo, na watu huogopa kumuudhi wasije wakamkosa siku mbuzi au ng'ombe akiugua. Hofu hiyo ndiyo inayouza vitu vingi.

Tuseme mama mmoja wa Utende kaletewa mtoto wa mbwa wa wiki 7 kwa boti kutoka Nyamisati. Kaita mtaalamu ampe dawa ya minyoo. Mtaalamu anafungua begi: dawa ya minyoo, sindano ya vitamini, sindano ya antibayotiki "kwa tahadhari", chupa ya kuongeza damu, na dawa ya kupe.

"Mama, huyu bila vitamini hamalizi mwezi."

"Ahsante daktari. Umeona dalili gani kwake ya kukosa vitamini?"

Swali hilo halina utovu wa adabu, na linafanya kazi kubwa. Mtaalamu mwenye sababu ataieleza: ufizi umepauka, kuna homa, kuna kidonda. Asiye na sababu atarudia kauli yake kwa sauti ya juu zaidi. Antibayotiki haina kazi kwa minyoo, na mtoto anayekula vizuri hahitaji vitamini ya sindano. Mama anaweza kumaliza hivi: "Leo naomba tumpe ya minyoo tu, na hayo mengine niandikie na bei zake nikashauriane nyumbani." Karatasi yenye majina na bei hupunguza orodha haraka.

Haki nayo itendwe upande wa pili. Mtaalamu aliyepanda boti au pikipiki kutoka Kilindoni ana nauli na muda wa kulipwa, na kumpunja hapo ni kumfukuza. Tena si kila msisitizo ni ulaghai. Anayesisitiza kurudia dawa baada ya wiki 2 yuko sahihi, na anayekataa kumdunga mtoto ivermektini ambayo mwenye mbwa mwenyewe kaiomba anastahili kusikilizwa.

Mambo manne yaandikwe kwenye daftari kila anapotibiwa: jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, kiasi alichopewa, uzito wake siku hiyo, na tarehe ya kurudia. Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi, ukijua kuwa dawa iliyokaa juani dukani haiaminiki sana hata kabla ya tarehe hiyo kufika. Dawa za mifugo, kama za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, daktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na wasaidizi wa taaluma hiyo huandikishwa na baraza hilohilo. Kuomba kuona cheti si dharau. Ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Wilaya ya Mafia ndiyo mlango wa kwanza kwa mwenye shaka.

Mchanga wa watu wote

Kuna wanaosema mbwa ni wa nje, hagusi vyombo wala mkeka, basi minyoo yake ni shauri lake. Mila ya pwani ya kumweka mbwa mbali na kuosha kilichoguswa na mate yake inasaidia, lakini mayai yapo kwenye kinyesi, na kinyesi kiko uwanjani ambako watoto wanacheza peku. Mtu akimeza mayai ya minyoo mviringo ya mbwa, mabuu hutangatanga mwilini mwake, kwenye ini, mapafu na wakati mwingine jicho. Mabuu ya safura ya mbwa hupenya unyayoni na kuchora mistari myekundu inayowasha na kusogea siku hadi siku. Anayeiona aende kituo cha afya, inatibika. Mabuu hayo hupatikana hasa kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu juu ya mstari wa maji kujaa, kuliko ule unaooshwa na bahari kila siku.

Mayai ya minyoo mviringo huhitaji kama wiki 2 au zaidi ardhini kabla hayajaweza kuambukiza. Mabuu ya safura hukomaa ndani ya siku chache. Kuzoa kinyesi kila siku na kukitupa kwenye choo cha shimo kunakata njia zote mbili, na hakuhitaji fedha.

Ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu zaidi ya dawa ya minyoo, kiwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 3, ingawa kwenye kampeni za vijiji hata wadogo zaidi huchanjwa. Pemba imeshaonyesha jinsi kisiwa kinavyoponyokwa: chanjo za mbwa zilikomesha ugonjwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukaonyesha kuwa uliingia kutoka nje mara mbili. Ilibidi mbwa wachanjwe upya kisiwa kizima mpaka ukakoma mwaka 2018. Anayeshusha mbwa kwenye gati la Kilindoni aulizwe cheti cha chanjo kabla ya kuulizwa jina la mbwa.