Kura ya Kompyuta: Tuzitembelee Kaya Zipi?



Mgeni wa tathmini akifika Nyaishozi, mara nyingi tunajua atapelekwa wapi: kwa mama mwenye banda safi la mbuzi, jirani na barabara, ambaye ameshazoea kupigwa picha. Si uongo, banda lipo na maziwa yapo. Lakini mfadhili anayeuliza kama mbuzi wamebadilisha lishe ya watoto hapati jibu katika banda moja, na kamati nayo haijui hali ya kule ambako pikipiki haifiki wakati wa masika. Ndiyo maana tunaomba kaya za kutembelewa zipatikane kwa kura.

Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili. Utafiti wa afya na maendeleo wa Kagera, uliofanywa na Benki ya Dunia pamoja na wataalamu wa Muhimbili kuanzia 1991 hadi 1994, ulifuatilia kaya zaidi ya 900 zilizopatikana kwa kura ndani ya makundi yaliyopangwa. Watu wa kaya hizo walitafutwa tena mwaka 2004 na 2010.

Tuchukue mfano wa orodha ya kaya 120, nasi tunataka 20. Wengi hufungua Excel, huandika =RANDBETWEEN(1,120) na kuinakili mara 20. Hapo namba hujirudia, kwa sababu kila seli hupiga kura yake bila kujua nyingine imepata nini. Ni sawa na kuchomoa kikaratasi kapuni, kukisoma na kukirudisha. Kwa hesabu hii, uwezekano wa kupata angalau namba moja iliyojirudia unazidi 8 katika kila 10. Unabaki na kaya 18 au 19, na mtu huanza kujazia kwa majina anayoyapenda.

Njia iliyo sahihi ni kuchanganya orodha nzima. Namba ziwe safu A, majina safu B. Katika C2 andika =RAND() na uishushe mpaka C121. Kila kaya itapata desimali yake kati ya 0 na 1, yenye tarakimu nyingi kiasi kwamba mbili kufanana ni jambo la nadra mno. Kisha nakili safu C na uibandike palepale kwa Paste Special, Values, maana RAND hubadilika kila jedwali linapoguswa. Sasa chagua safu zote tatu, uzipange kwa kufuata C. Kaya 20 za juu ndizo zako. Ya 21 hadi ya 25 ni akiba, endapo familia imehama. Angalia sana: ukiipanga safu C peke yake, majina hayasogei, na utakuwa umechukua wale wale 20 walioandikwa kwanza.

Kompyuta haioni kosa lililo ndani ya orodha yenyewe. Kaya iliyoandikwa kwa jina la baba, kisha tena kwa jina la mama, ina nafasi mbili. Fomula =COUNTIF(B$2:B$121,B2) itaonyesha jina lililoandikwa mara mbili, lakini mume na mke hao itawapita. Mwenyekiti wa kitongoji asomewe orodha kabla ya kura.

Tena, kura ipigwe mara moja, mbele ya kamati, ichapwe na kutiwa sahihi siku hiyo hiyo. Anayebonyeza F9 mpaka aione orodha inayompendeza hajapiga kura, amechagua.

Kwa ugawaji wa mbuzi wenyewe utaratibu ni mwingine kidogo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 1, walitafutwa kwanza waliotimiza sifa, wakapatikana wawili, ndipo kura ikamwangukia Mathiya. Nasi tuanze na uhitaji. Kura iamue kati ya waliolingana.

Usharika usio na kompyuta utumie vikaratasi 120 na kikapu, mtoto achomoe 20 bila kurudisha. Vikunjwe sawasawa na kikapu kitikiswe vizuri, maana vilivyoingia mwisho hukaa juu.