Siri ya mgonjwa na mlango ulioachwa wazi

Msomaji, ikiwa unafanya kazi Nairobi, Mombasa au Machakos na wazazi wako wako Kitui au Makueni, yamkini jina la mama yako limo katika orodha ambayo hujapata kuiona. Zamani habari za ugonjwa wake ziliandikwa kwenye daftari la zahanati, na jioni daftari hilo likafungiwa kabatini. Siku hizi aghalabu huandikwa kwa simu.

Mwaka wa 2016, Makueni ilipozindua mpango wa MakueniCare, jamaa zilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka ili kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kitui nayo, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ilikuwa na bima yake ya shilingi 1,000. Kisha Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, ambao huzuru nyumba kwa nyumba wakiwa na simu ya kunakilia nani ana mimba, nani ana shinikizo la damu na ni mtoto yupi hajachanjwa.

Haya ni maendeleo. Mgonjwa wa Mutomo akipelekwa hospitali kuu ya Kitui, daktari huko huhitaji kujua ametumia dawa zipi. Lakini swali ni hili: nani mwingine anaweza kuzisoma habari hizo?

Ghala la mtandaoni ni nini?

Watu husema faili "iko kwenye wingu". Hakuna wingu lolote. Faili hiyo imo ndani ya kompyuta kubwa za kampuni fulani, pengine ng'ambo, nawe huifikia kwa intaneti. Fikiria ghala la kukodi: kampuni hulinda jengo, lakini mlango wa chumba chako huufunga mwenyewe.

Wengi hudhani hatari ni wezi hodari wa kompyuta. Wezi wapo, ila mara nyingi hakuna kufuli inayovunjwa. Mlango huachwa wazi na mtu mwema aliyekuwa na haraka.

Chukua mfano wa kituo chochote kidogo cha afya. Karani anataka orodha ya wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi imfikie muuguzi wa kituo cha pili. Anaiweka kwenye Google Drive, na badala ya kuandika anwani ya muuguzi, anachagua kwamba yeyote mwenye kiungo aifungue. Kiungo anakituma katika kikundi cha WhatsApp. Mmoja anakisambaza, mwingine anaacha kazi akiwa bado nacho. Miaka miwili baadaye orodha ingali wazi, na karani amekwisha kuisahau.

Yaliyotokea Australia

Septemba 2016, mfanyakazi wa kampuni iliyohudumia tovuti ya idara ya damu ya Msalaba Mwekundu nchini Australia aliweka nakala ya faili mahali palipokuwa wazi kwa umma. Ilikuwa na habari za wachangiaji damu wapatao 550,000: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, hata majibu yao kuhusu mienendo ya ngono yenye hatari. Ilikaa hivyo wiki saba hivi, mpaka mtu asiyehusika alipoikuta.

Tangu Aprili 2023, kampuni ya Amazon, ambayo hukodisha maghala ya aina hii, hufunga kila hifadhi mpya kwa umma tangu mwanzo. Zile za zamani zilibaki kama wenyewe walivyoziacha.

Usidhani kufuta majina kunatosha. Katika kijiji cha Mbooni au Mwingi, ukiandika "mjane, miaka 34, watoto watatu, ana kifua kikuu", majirani wamemjua tayari. Anayeogopa kujulikana huacha kwenda kliniki, na dawa zikikatizwa, ugonjwa hurudi na makali mapya.

Ikiwa unatunza orodha za wagonjwa

1. Toa ruhusa kwa mtu mmoja mmoja, kwa anwani yake. Usimfungulie "yeyote mwenye kiungo".

2. Andika yanayohitajika tu. Orodha ya kugawa vyandarua haihitaji hali ya Ukimwi ya mtu.

3. Kila mwezi, pitia walio na ruhusa. Aliyehama au kuacha kazi aondolewe siku hiyo hiyo.

4. Jaribu mlango. Fungua kiungo kwa simu ya mwenzako asiye na ruhusa. Faili ikifunguka bila kuulizwa chochote, iko wazi. Ifunge papo hapo.

5. Ukiikuta wazi, usinyamaze wala usifute ushahidi. Mwarifu mkuu wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka taasisi kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, pale ambapo wahusika wanaweza kudhurika. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5.

Ikiwa wewe ni mgonjwa au jamaa yake

Sheria hiyo huhesabu habari za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuelezwa zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona na kutaka makosa yarekebishwe. Mama yako anapoandikishwa, mwambie aulize kwa upole: "Mwanangu, haya unayoandika yatasomwa na nani?" Mhudumu mwema hataudhika. Na ukiona siri zake zimeanikwa, una haki ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Halafu tazama simu yako mwenyewe. Picha ya matokeo ya maabara uliyotuma katika kikundi cha harambee ya matibabu imewafikia wangapi? Mchango ungepatikana hata kama ungeonyesha bili ya hospitali pekee.