Kabla Hujaacha Soda

Wadogo zangu, Kwaresima imeanza. Majivu tumepakwa, Aleluya imenyamaza mpaka mkesha wa Pasaka, na simu yangu imejaa swali moja: "Dada, mwaka huu niache nini?" Huyu anataka kuacha soda, yule nyama, mwingine TikTok. Vizuri. Ila kabla hujanitajia unachoacha, niambie kwanza atakayeumia ni nani.

Maana nawajua. Yupo mama anayefunga mpaka jioni, na ikifika saa tisa nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Chumvi ikizidi kidogo, dada wa kazi anasemwa hadi machozi. Mtoto akiomba chai anaambiwa, "Usinisumbue, nimefunga." Njaa ni ya mama, lakini wanaoilipia ni watoto na binti wa watu. Nabii Isaya, sura ya 58, aliwakemea watu wa namna hiyohiyo: wanafunga huku wakiwakamua wafanyakazi wao, kisha wanashangaa kwa nini Mungu hawatazami. Kama hujamlipa dada mshahara wa Januari, anzia hapo. Hayo ndiyo majitoleo yako, soda isubiri.

Na kwa sisi Wakatoliki, sheria yenyewe ni nyepesi kuliko tunavyoikuza. Siku za lazima kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Unakula mlo kamili mmoja, na miwili midogo ambayo ukiijumlisha haifikii mlo kamili. Nyama hailiwi siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi na mfungo. Kwa hiyo wewe mwenye kichanga cha miezi minne uliyeniandikia kwamba unataka kufunga siku zote 40, kula, mdogo wangu. Huyo anayekunyonya hajui Kwaresima ni nini.

Halafu kuna hawa wa Ijumaa. Nyama hawagusi, lakini asubuhi wameshafika soko la samaki la Feri kuchagua kamba wakubwa wa bei ya mbuzi. Sheria hujavunja, sawa, ila umejinyima nini? Mtakatifu Leo Mkuu, aliyekuwa Papa kuanzia mwaka 440 hadi 461, alifundisha kwamba anachojinyima mwamini kiwe chakula cha maskini. Hapo ndipo wengi tunapokwama. Ukiacha soda ya shilingi 1,000 kila siku kwa siku 40, hiyo ni shilingi 40,000. Imekwenda wapi? Kama imeishia kwenye kitenge cha Pasaka, basi ulikuwa unacheza kibati na nafsi yako. Iweke pembeni kila siku, kwenye bahasha au kwenye simu, na umjue mapema atakayeipokea: bibi wa jumuiya yenu asiyeweza kutoka kitandani, au mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Mpelekee kimyakimya. Zile status za "Siku ya 12 bila nyama" zifute. Katika Mathayo 6 Yesu aliagiza anayefunga anawe uso na ajipake mafuta, watu wasimtambue.

Sasa lipo swali lililoninyima usingizi. Mdogo wangu mmoja anapigwa na mumewe, na wenzake wamemwambia avumilie, huo ndio msalaba wake wa Kwaresima. Hapana. Kujinyima ni kwa mtu anayetoa kwa hiari yake kitu anachoweza kutoa. Yesu mwenyewe alisema hakuna amnyang'anyaye uhai wake, anautoa yeye. Wewe hujatoa kitu hapo, unanyang'anywa. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na kama umeumia omba fomu ya PF3 ukatibiwe. Mwambie ndugu unayemwamini akusindikize. Paroko pia mwambie, lakini usisubiri kumaliza Njia ya Msalaba ya Ijumaa ndipo uondoke kwenye hatari. Na nyie mnaompa ushauri wa kuvumilia, mngekuwa nyinyi mnaopokea hicho kipigo mngeuita msalaba?

Nimalizie na la aliyeuliza kama Jumapili anaruhusiwa soda yake. Hesabu mwenyewe: kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, zinabaki 40. Jumapili ni siku ya Ufufuko hata katikati ya Kwaresima, kwa hiyo ukitaka, kunywa. Ukiamua kuendelea kuacha, ni hiari yako pia, ila usimnunie anayeifungua mbele yako.