Krenki Ikigonga: Kuipima Baiskeli Kuukuu Kabla ya Kununua Vipuri

Ukisikia "ka" moja kila krenki ikizunguka, usikimbilie dukani kununua ekseli. Mara nyingi kilichokwisha ni kota pini, kale kachuma kanakoshikilia krenki kwenye ekseli, nako ni kipuri cha bei ya chini.

Ushauri huu unawahusu wenye baiskeli nzito za inchi 28, zile Hero, Phoenix na Avon ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Ndizo zilizoanzisha boda boda hapa Busia miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka wa Kenya na Uganda. Siku hizi pikipiki zimewachukua abiria wengi, lakini magunia ya mahindi na kreti za soda bado yako juu ya keria. Wafanyabiashara wenye ulemavu nao huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Mnyororo wao na friwili zao huchakaa vilevile, kwa hiyo vipimo vingi vilivyo hapa vinawafaa na wao.

Tuanze na mlio huo wa krenki. Simamisha baiskeli, shika krenki zote mbili na uzitikise mbele na nyuma. Moja ikicheza huku nyingine imetulia, tatizo ni pini ya upande unaocheza. Zikicheza pamoja kuelekea ubavuni mwa fremu, gololi au vikombe ndivyo vilivyolegea. Kipimo hiki hakihitaji spana, na ajabu ni kwamba mafundi wengi hukiruka, wakaanza kufungua kila kitu.

Kutoa pini, legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, kisha gonga hapo. Ukigonga pini tupu utaharibu hesi yake. Kabla ya kugonga, tegemeza krenki kwa kipande cha bomba kinachofika chini, ili kishindo kiende ardhini, kisiishie kwenye gololi. Pini mpya ikiingia kidogo tu, punguza ubapa wake kwa tupa, taratibu. Iingize kwa nyundo kwanza, kisha kaza nati. Nati si ya kuvuta pini, ni ya kuizuia isirudi nyuma. Nati moja ikitazama juu, ya upande wa pili itazame chini, la sivyo krenki hazitakaa mstari mmoja na mwendeshaji atakanyaga kama anayechechemea. Ukishapeleka mzigo wa kwanza, simama ugonge na kukaza tena, maana pini mpya hujikalisha. Wengi wanaosema pini za siku hizi ni mbovu hawajawahi kuikaza mara ya pili.

Kama ni gololi, fungua kikombe cha kushoto. Cha kulia kiache palepale. Hesi yake hufunguka kinyume, na watu wamepoteza nguvu nyingi kukikaza wakidhani wanakilegeza. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pitisha ukucha juu ya njia ya gololi kwenye ekseli na vikombe. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, grisi haitaponya: badilisha. Njia ikiwa laini, weka gololi mpya tu, za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande zisipokuwa na kishikilio. Usichanganye mpya na kuukuu, kwa sababu kubwa zaidi ndizo zitakazobeba mzigo wote. Kaza kikombe mpaka ekseli isicheze lakini bado izunguke kwa kidole, kisha funga ringi yake.

Mnyororo unapimwa kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja ya mnyororo uliovutika vizuri. Kama ni mpya, pini ya 24 kutoka hapo itaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa inchi 1/8, mnyororo umekwisha, hata kama unang'aa kwa oili. Kabla ya kulipa, tazama meno ya friwili. Yakiwa yamejipinda kama ndoano, mnyororo mpya utaruka ukipanda kilima na gunia nyuma. Nunua vyote viwili. Na usiunge kipande kipya kwenye mnyororo mchovu, kishawishi kikubwa kwa wenye baiskeli za mikono, ambazo minyororo yake huwa mirefu.

Pedali ikizunguka bure bila kuvuta gurudumu, usiitupe friwili bado. Laza baiskeli, dondosha mafuta ya taa kwenye mwanya wake huku ukiizungusha, uchafu utoke, kisha weka oili nyepesi. Grisi nzito hunasa viulimi vya ndani visifunguke. Futa mafuta yaliyomwagikia tairi.

Madukani, upande wa Kenya na wa Uganda hadi Tororo, nenda na kipuri chako cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya hapo hapo kaunta: unene wa pini, urefu wa ekseli, hesi. Vipuri vya India na vya China hufanana zaidi machoni kuliko vinavyofanana kwenye spana, na safari ya kurudisha ekseli isiyoingia hula faida ya siku nzima.